Mzee wangu (68), mimi (41) na dogo (12): mazoezi ya pamoja yanawezekana?

Kiatu Kizito:
Wakuu salaam, naombeni ushauri, matusi siyo lazima. Mimi kazi yangu ni ya kukaa kutwa nzima, kitambi kimeshafika na ngazi nikipanda nahema. Naishi na mzee wangu wa miaka 68, anatumia dawa za presha ila anatembea vizuri tu, tatizo tangu ateleze bafuni amekuwa mwoga, akikaa kwenye kochi mpaka ashike ukuta ndo anyanyuke. Alafu kuna dogo wangu wa miaka 12, muda wote simu, ghafla kaanza kutaka kunyanyua vyuma kama hao anaowaona mtandaoni, babu yake kamkataza anasema atadumaa.

Wazo langu tufanye wote watatu asubuhi, maana kila mtu kivyake najua tutaacha. Nimepanga jogingi nusu saa, wote tunaenda kwa mwendo wa mzee. Mnaonaje? Na hilo la vyuma, mzee yuko sahihi?

Pumzi Fupi:
Mkuu mzee wa 68 jogingi ya nini, mwache apumzike kafanya kazi maisha yake yote. Atembee tembee jioni inatosha.

Mama Mapacha:
@Pumzi Fupi hapo napinga, huyo mzee akipumzika ndo anakwisha. Misuli inaanza kupungua taratibu kuanzia miaka ya 30 na huko mbele kasi inaongezeka, asiyeitumia anaipoteza haraka zaidi. Kutembea ni kuzuri kwa moyo na pumzi, lakini kutembea peke yake hakumnyanyui mtu kwenye kochi. Mwongozo wa WHO wa 2020 unasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za kutoka jasho kwelikweli, na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Wa 65 kwenda juu wanaongezewa mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara bila kuyumba, siku 3 au zaidi. Hiyo ya mwisho ndo kila mtu anaisahau, na ndo anayoihitaji mzee wako kaka.

Jasho Jepesi:
Mnamjua Fauja Singh? Alikimbia marathoni ya kwanza London mwaka 2000 akiwa na 89, 2011 akamaliza ya Toronto akiwa na 100, Guinness wa rekodi za dunia wakagoma kumwandika sababu hakuwa na cheti cha kuzaliwa 😂 Mzee wako bado kijana huyo

Goti Bovu:
Fauja ni mmoja mkuu, msimtie mzee wa watu presha juu ya presha.

Mimi kazi yangu ni fiziotherapia kwahiyo vumilieni urefu. Mleta uzi, wazo la muda mmoja ni zuri, mwendo mmoja ndo mbovu: mzee utamchosha, wewe hautakusaidia, na dogo ataboreka arudi kwenye simu. Tafuteni eneo moja la wazi, nusu saa ileile, kila mtu na mzigo wake.

Mzee aanze na kiti kigumu kisicho na magurudumu, kiegemezwe ukutani, akae na kusimama taratibu bila kutumia mikono, akishindwa atumie mikono mpaka azoee. Alafu anyanyue visigino akiwa ameshika kitu imara, kisha asimame mguu mmoja mmoja, napo awe karibu na cha kushika. Muhimu sana: asibane pumzi wakati wa kunyanyuka, kubana kunapandisha presha ghafla, atoe hewa anaposimama. Msitegemee saa za kupima mapigo, kuna dawa za presha (bisoprolol, atenolol na ndugu zake) zinapunguza mapigo ya moyo kwahiyo namba zitawadanganya. Tumieni maongezi: akiweza kuongea ila hawezi kuimba, hapo ni mwendo wa wastani. Kifua kikibana au kizunguzungu, anaacha hapohapo. Na kabla ya yote daktari wake ajue, ajue pia kwamba ameshawahi kuteleza, wakati mwingine chanzo ni dawa au macho na siyo miguu.

Anayesema umri umepita, kuna utafiti ulitoka 1990 kwenye jarida la kitabibu la JAMA, wakazi wa nyumba ya wazee wenye wastani wa miaka 90 walifanyishwa mazoezi ya uzito ya miguu wiki 8 chini ya usimamizi, nguvu ikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Walikuwa wachache, lakini jibu lilikuwa wazi.

Dogo: hadumai. Hofu ilitokana na zile sehemu laini za mwisho wa mifupa ambako mfupa unakulia, ni kweli zinaweza kuumia, ila kinachoumiza ni mzigo mkubwa wa kujionyesha na kukosa msimamizi. Aanze na uzito wa mwili wake, akija kwenye vyuma achukue anachoweza kunyanyua mara 10 hadi 15 bila kupinda mgongo. Umri wake anahitaji kama dakika 60 za kuchangamka kila siku, na mpira anaocheza na wenzake unahesabika.

Babu wa Kona:
Mimi nina 71. Mwanangu, mzee wako haogopi mazoezi, anaogopa kuanguka mbele ya mjukuu ashindwe kunyanyuka. Mfundisheni kwanza kuinuka kutoka chini, kwenye mkeka, wewe ukiwa pembeni: ageuke ubavu, apige magoti akiwa kwenye mikono, asogee mpaka kwenye kiti, aweke mikono juu yake, apeleke mguu mmoja mbele ndo asukume. Akijua atainuka woga wenyewe unapungua. Watu wanaruka hili wanakimbilia mazoezi ya kwenye video.

Kiatu Kizito:
Shikamoo mzee, hilo sikuwahi kulifikiria kabisa. Wengine nimewasoma wote asanteni. Changamoto sasa, nimemgusia mzee habari ya kiti kasema yeye hawezi kukaa-simama-kaa kama mwanafunzi anayeadhibiwa 😅 Na mimi nikiumwa na misuli kesho yake niendelee au nipumzike?

Babu wa Kona:
Marahaba. Mpe kazi ya kumhesabia dogo, awe kocha wake. Kocha hawezi kukaa muda wote, ataanza kuonyesha mwenyewe.

Goti Bovu:
Maumivu ya misuli siku ya pili ya tatu ni kawaida kwa anayeanza, tembea polepole, sehemu inayouma ipe siku moja mbili. Kikiuma kiungo chenyewe, kikavimba au maumivu yakawa makali ya ghafla, hiyo siyo uchovu, kaonekane.

Kiatu Kizito:
Sawa mkuu. Mzee ana kliniki wiki hii, nitaingia naye nimuulize daktari kuhusu vidonge. Dogo nimemwambia pushapu kwanza kakunja uso.

Mama Mapacha:
Shindana naye, kifua kigusane na chini ndo ihesabiwe, na babu ndo refa. Hizo video zake usizifungie, angalieni wote umuulize nani hapo anapinda mgongo, utashangaa anavyowakosoa.