Naomba ushauri: nimemuudhi mzee kwa kutosalimu amri kwenye chesi

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Mimi bado najifunza chesi hapa Lamu. Juzi baada ya Alasiri nilicheza na mzee mmoja barazani, karibu na uwanja wa Mkunguni. Nilibaki na mfalme peke yake, yeye ana malkia na askari watatu. Sikusalimu amri. Nilitaka kuona atanimaliza vipi, maana hapo ndipo ninapojifunza. Akaharakisha, akanizibia mfalme njia zote bila kumpiga sheki (yaani bila kumshambulia moja kwa moja), na kisheria hiyo ni sare. Akakusanya kete kimya, akasema mtoto mwenye adabu hujua mchezo umekwisha.

Nimemwendea mara mbili. Jana nilimpa masalkheri na kumkaribisha kahawa. Akaitikia, lakini akaniambia nitafute wa rika langu. Imeniuma, kwani yeye ndiye aliyenifundisha.

Najua sheria za FIDE, shirikisho la chesi duniani, humruhusu mchezaji kusalimu amri, hazimlazimishi. Ila sheria si heshima.

Je, kuendelea kucheza na mtu mzima ukiwa umeshashindwa ni utovu wa adabu? Na nikimwomba radhi, nianzeje bila kugusia ile sare?