Dawa za usingizi: kila moja idaiwe cheti cha daktari, au ziachwe kaunta?

Mleta Mada
Wakuu, mada ni hii. Melatonini huko Marekani inauzwa kama kirutubisho, mtu anajichukulia rafuni. Uingereza ni dawa ya cheti. Difenhidramini, ile dawa ya mzio inayolegeza mwili, iko huru katika nchi nyingi. Diazepamu na zolpidemu, vidonge vya kutuliza na kulaza, kwa maandishi ni za cheti, ingawa kuna maduka mengi ambayo hayakiulizi. Je, kila kinacholeta usingizi kidaiwe cheti? Naomba hoja, shuhuda tuziweke kando.

Kinu na Mchi
Nasimama na cheti, na sababu ya kwanza ni hesabu ya saa. Nusu ya zolpidemu hutoka mwilini kwa takriban saa 2 na nusu. Diazepamu huchukua saa 20 hadi 50, na zao lake baada ya kubadilishwa na ini lina nguvu ya kulaza na hukaa zaidi, hata kufikia saa 100. Anayemeza diazepamu kila usiku anairundika juu ya mabaki ya jana na juzi. Wiki ikiisha anatembea nayo mchana kutwa na hajui kwa nini anasahau mambo.

Hata zile za muda mfupi si salama kihivyo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishusha dozi ya zolpidemu kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, maana miili yao huitoa polepole, na asubuhi kiwango kilichobaki kilitosha kuharibu udereva. Mwaka 2019 ikaongezwa onyo kali kuliko yote: watu wameinuka hawajaamka, wakapika, wakaendesha gari, wengine wakafa. Muuza duka ana dakika mbili na mteja. Nani atauliza kama mtu huyo yuko kwenye dawa za maumivu za jamii ya afyuni, ambazo zikikutana na diazepamu hudidimiza pumzi?

Hoja Kinzani
Mkuu, dawa zote ulizozitaja tayari ni za cheti. Dereva aliyeonywa mwaka 2019 alikuwa na cheti mfukoni. Na ukimnyima mtu kidonge, chupa haiko mbali. Pombe inalaza upesi, inabana usingizi wa ndoto nusu ya kwanza ya usiku, kisha ikiisha damuni ubongo unalipiza: ndoto kali, jasho, kushtukashtuka hadi alfajiri. Hiyo haina cheti popote.

Fundi wa Akili
Kabla hamjaenda mbali, tutenganishe kulala na kutokumbuka kwamba ulikuwa macho. Benzodiazepini, yaani jamii ya diazepamu, na ndugu zake kama zolpidemu hukoleza kazi ya GABA, kemikali inayotuliza ubongo, na papo hapo huzuia kumbukumbu mpya kujiandika. Mtu anaweza kuamka mara tatu usiku na asubuhi akaapa kwamba alilala fofofo. Uchambuzi wa mwaka 2012, uliofanyiwa majaribio yaliyowasilishwa kwa mamlaka ya Marekani, ulikuta dawa za kundi la zolpidemu zinamwahisha mtu kulala kwa dakika 22 zaidi ya kidonge bandia kisicho na dawa zikipimwa kwa mashine. Tena karibu nusu ya nafuu yote ilipatikana hata kwa waliopewa kidonge bandia. Si bure, lakini si muujiza unaouzwa.

Halafu kuna aina ya usingizi wenyewe. Usiku huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90. Usingizi mzito umejaa theluthi ya kwanza, wa ndoto umejaa kuelekea asubuhi. Benzodiazepini hupunguza ule mzito na kuongeza ule wa kina cha kati. Zikiachwa ghafla, usiku wa kwanza hadi wa tatu huwa mbaya kuliko ilivyokuwa kabla ya dawa, na ndoto zinaweza kurudi kwa vishindo. Hapo mtu anahitimisha kwamba hawezi kulala bila kidonge. Kumbe anachokiona ni athari ya kidonge kuondoka, na kwa aliyetumia muda mfupi, angevumilia siku chache ingepita. Mtego wa kisaikolojia uko hapo, na cheti hakiutegui hata kidogo.

Mizani
Mnajadili simba mkaacha nyoka. Kwangu ya kutazamwa kwanza ni hii ya kaunta, difenhidramini. Miligramu 50 zinalaza leo. Ukizitumia mfululizo, baada ya siku 3 au 4 nguvu ya kulaza imeshuka sana, basi mtu anaongeza mbili, tatu. Inaziba asetilikolini, kemikali ya mawasiliano ya neva, ndiyo maana mdomo hukauka, mkojo hugoma na mzee huchanganyikiwa usiku akaanguka njiani kwenda msalani. Dozi ikizidi sana, mtu huweweseka akiwa macho: anazungumza na watu wasiokuwepo, anaokota wadudu wasioonekana. Tofauti na wengi wanaotumia uyoga wa kulewesha, ambao hujua kwamba dawa ndiyo inayowachezea, huyu anaamini kila anachokiona. Na moyo unaweza kupoteza mpigo. Mwongozo wa mwaka 2017 wa madaktari wa usingizi wa Marekani haupendekezi itumike kutibu kukosa usingizi, lakini bado iko rafuni.

Usiku wa Manane
Na melatonini?

Mizani
Hiyo ni ishara ya saa ya mwili, nguvu yake ya kulaza ni ndogo. Inamfaa zaidi ambaye saa yake imesogea kuliko mwenye mawazo. Shida yake ni lebo: mwaka 2023 zilipimwa bidhaa 25 za kutafuna huko Marekani, na 22 hazikulingana na maandishi, moja haikuwa na melatonini kabisa, na nyingine ilikuwa na asilimia 347 ya kilichoandikwa. Cheti hakitibu hilo. Linahitaji ukaguzi wa kiwandani.

Usiku wa Manane
Sawa, ila mnaobana dawa mnampa nini mtu asiyelala miezi sita?

Fundi wa Akili
Tiba ya tabia na fikra, ambayo tangu 2016 chama cha madaktari bingwa wa ndani wa Marekani wanaiweka mbele ya vidonge. Anaandika kwa wiki mbili: saa ya kupanda kitandani, saa alizolala, saa ya kuondoka. Tuseme analala saa 5 na nusu lakini yuko kitandani saa 8 na nusu. Ufanisi, yaani saa alizolala kwa saa alizokaa kitandani, ni asilimia 65. Anapewa kitanda kwa saa 5 na nusu tu: kupanda saa 6 na nusu usiku, kuamka saa 12 asubuhi, Jumapili ikiwemo. Ufanisi ukifika 85 kwa wiki nzima, anaongeza dakika 15. Hashuki chini ya saa 5. Akikaa macho kama dakika 20, atoke kitandani bila kutazama saa, arudi akisinzia.

Inaharibika wapi? Kulala mchana, na kupanda mapema kwa sababu wiki ya kwanza inachosha vibaya mno. Siku hizo asiendeshe gari. Mwenye kifafa au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka asifanye peke yake, kwani kukatiwa usingizi kunaweza kuleta degedege au wazimu wa furaha.

Hoja Kinzani
Tuseme mmeshinda, sheria inaanza Jumatatu. Aliyekuwa akinunua diazepamu kila mwezi kwa miaka anakatiwa siku hiyo hiyo. Degedege haimsubiri daktari.

Kinu na Mchi
Ndiyo maana sheria yenyewe lazima iwe na mlango wa wanaotumia tayari: cheti cha mpito, dozi inapungua asilimia 5 hadi 10 kila wiki 2 hadi 4, isizidi robo kwa wiki 2. Wa miligramu 10 anaanza na 9, halafu karibu 8. Vidonge vya miligramu 2 viwepo, maana hatua za mwisho ndizo ngumu, na kidonge cha 5 hakigawanyiki kwa uhakika jikoni.

Hoja Kinzani
Weka hilo kifungu cha kwanza nami natia saini. Likiwa kiambatisho, sitii.