Naomba ushauri: sarafu ya Kirumi yenye kichwa pande zote mbili, niiuze au nisubiri?

mtoto_wa_pangani: Wakuu, habari za jioni. Nipo Kairo masomoni. Nimepata sarafu iliyopigwa Iskandaria wakati wa Kaisari Probus, yaani kati ya mwaka 276 na 282. Upande mmoja kichwa kimetokeza kama kawaida. Upande wa pili, mahali ambapo kwa kawaida huwa na picha ya tai, kuna kichwa hichohicho kimezama ndani kama alama ya kidole kwenye unga. Naambiwa ni kosa la upigaji na Ulaya wanalitafuta sana. Niiuze huko au nisubiri bei ipande? Siku ya pili leo silali.

sonara_mstaafu: Kosa hilo lipo. Muhuri wa chini ulikazwa kwenye fuawe, wa juu mpigaji akaushika na kuugonga kwa nyundo. Sarafu ikinasa kwenye muhuri wa juu asiione, akaweka kipande kingine, hicho upande wa chini hupata chapa ya kichwa kama kawaida, na upande wa juu kinapigwa na uso wa ile iliyonasa. Ndiyo maana kwako mwaka hauonekani: kwa kawaida uliwekwa upande wa tai, ukitanguliwa na alama kama L. Umeipata wapi?

mtoto_wa_pangani: Kwa mtu.

mama_zuu: Mwanangu, umepelekwa kusoma. Vitu vya watu waliokufa zamani waachie wenyewe.

tabora_halisi: Umenikumbusha babu. Alikuwa na sarafu za heller 20 za Mjerumani, zile za Tabora za 1916, vita vimebana. Moja chapa yake imekwenda pembeni, nusu ya taji haipo. Baba mkubwa akaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa kama kifungo cha koti. Babu hakusema naye mwezi mzima. Usiisafishe!

sonara_mstaafu: Mtu gani, kijana? Na unataka kuitoa Misri?

mtoto_wa_pangani: Sawa, nasema. Nimeinunua sokoni kwa dola 300. Hela ilikuwa ada ya mdogo wangu, nilitakiwa niitume nyumbani. Naruka Jumamosi kwenda kwa binamu Ujerumani. Nitaichanganya na chenji, nani ataitazama? Si sanamu, ni kitu cha gramu 7. Nikiuza namrudishia mara mbili.

wakili_kijiweni: Sheria ya Misri namba 117 ya mwaka 1983 imepiga marufuku biashara ya mambo ya kale, na kuyatoa nje ni jinai. Haipimi gramu.

asiyedanganyika: Jamani, hii chai. Mwezi jana huyuhuyu alikuwa Morogoro anauliza dawa ya vitunguu. Leo yuko Kairo na Kaisari. Picha iko wapi?

mtoto_wa_pangani: Vitunguu ni vya kaka, tunatumia akaunti moja. Picha naogopa kuiweka baada ya hayo aliyosema wakili.

tabora_halisi: Mimi namwamini. Mtu wa kutunga asingejua habari ya tai.

asiyedanganyika: Hata mimi najua habari ya tai sasa.

sonara_mstaafu: Tulieni. Kijana, washa tochi, iinamishe mwanga uje kwa ubavu. Kichwa kilichotokeza kinatazama kulia, sivyo? Basi kilichozama lazima kitazame kushoto, na herufi zigeuke kama kwenye kioo. Vikitazama upande mmoja, aliyetengeneza hakuelewa anachoiga. Ukiona mshono pembeni, usidhani kwa hilo peke yake kuwa ni bandia, maana Iskandaria vipande vyenyewe vilimiminwa kwenye kalibu kabla ya kupigwa.

mama_zuu: Na ada ya mtoto?

mtoto_wa_pangani: Nimeangalia. Kinatazama kushoto. Ile ΠΡΟΒΟC, yaani Probus kwa Kigiriki, inasomeka kinyumenyume, na pua imetanuka kidogo kuliko ya upande wa pili.

sonara_mstaafu: Basi huenda ni ya kweli. Ndiyo usiibebe kabisa.

mtoto_wa_pangani: Nilikuwa naomba iwe bandia, wallahi. Kesho asubuhi narudi kwa yule muuzaji. Akinipa hata 200 natuma nyumbani hapohapo. Asipokuwepo, bado sijui.