Acheni kuwadanganya wageni wa Dwarf Fortress: hematiti peke yake haikupi chuma cha pua!

Wakuu, hasira hii ninayo tangu juzi usiku, leo naitoa yote.

Kuna mwongozo umesambaa sana, humu na kwenye magrupu ya WhatsApp, wa kufundisha wageni wa Dwarf Fortress, gemu la kompyuta la kujenga ngome ya vibete, kutengeneza chuma cha pua. Aliyeuandika simtaji, mwenyewe anajijua. Karibu na mwanzo anasema ukiona hematiti, yaani jiwe la kuyeyushia chuma, shusha mkokoteni (anzisha ngome yako) hapohapo, chuma cha pua umeshakipata. Na kama kuna volkano ndiyo kabisa, makaa huyahitaji tena. Nikamwamini. Wiki tatu natoka kazini jioni, nakula harakaharaka, nakaa kwenye kompyuta mpaka saa saba za usiku. Ngome ikafika vibete 84. Imekwisha yote, na mwongozo ule una mkono wake pale.

Nianze na hilo la hematiti, maana ndipo uongo ulipoanzia. Hematiti inakaa kwenye miamba ya mashapo, sawa. Lakini inakaa pia kwenye miamba ya volkano, basalti na ndugu zake. Ukiikuta kwenye mashapo una bahati kubwa, kwa sababu humo ndimo yalimo mawe ya chokaa, chaki na dolomiti, na hayo ndiyo mawe ya fluksi, yanayochanganywa na chuma tanurini, ambayo bila hayo hakuna chuma cha pua hata ukeshe. Ukiikuta kwenye basalti una chuma tu, basi. Mimi nilikuwa kwenye basalti, na volkano pembeni, kama bwana mkubwa alivyoelekeza. Nimechimba ngazi tabaka kwa tabaka nikitafuta walau marumaru, maana nayo ni fluksi. Sikupata jiwe hata moja. Hematiti imejaa ghalani mpaka vibete wanaikanyaga, na fluksi sifuri.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba gemu lenyewe linakuambia! Kabla hujashusha mkokoteni, maelezo ya eneo yanaandika kama lina mawe ya fluksi au halina. Ni kitu cha kutazama mara moja tu. Mwongozo wenye kurasa na picha umeshindwa kumwambia mgeni atazame pale. Na pakiandikwa kuna metali, usidhani ni chuma. Inaweza kuwa risasi au bati.

Haya, twende kwenye makaa, ambako nako watu wamedanganywa vibaya. Jiwe 1 la hematiti linatoa mikuo (vipande vya metali iliyoyeyushwa) 4 ya chuma na linakula makaa 1. Hapa kila mgeni anashangilia. Sasa chukua mkuo 1 wa chuma, fluksi 1 na makaa 2, unapata mkuo 1 wa chuma ghafi. Chukua huo ghafi, ongeza mkuo mwingine 1 wa chuma, fluksi nyingine 1 na makaa mengine 2, ndipo unapata mikuo 2 ya chuma cha pua. Kwa hiyo kila mkuo mmoja wa chuma cha pua umemeza fluksi 1 na makaa 2, mbali na yale ya kuyeyushia hematiti.

Deraya ya kifua ni mikuo 3. Askari 10 wanataka mikuo 30. Hiyo ni fluksi 30 na makaa 60. Weka makaa 8 ya kuyeyushia hematiti, weka 10 ya mhunzi kwa hizo deraya kumi. Makaa 78! Na hapo umefunika vifua tu, bado kofia, bado mikono na miguu, bado shoka la kupigania. Gogo 1 likichomwa linatoa makaa 1, kwa hiyo ukitegemea miti unakata magogo 78. Ukiwa na makaa ya mawe aina ya bitumini, jiwe 1 linatoa makaa 9 ukitumia 1 kuliwashia, yaani mawe 10 yanamaliza kazi ileile. Ligniti, aina nyingine ya makaa ya mawe, inatoa 5, nayo si haba. Na hayo makaa ya mawe yanapatikana wapi? Kwenye mashapo! Chokaa mashapo, bitumini mashapo, hematiti, limoniti na magnetiti zote mashapo utazikuta. Neno hilo moja lingetosha kuokoa ngome yangu, na kwenye mwongozo wote halimo. Nimeusoma tena jana kuhakikisha.

Kuhusu magma, ule mwamba ulioyeyuka wa volkano. Tanuri la magma linakuondolea makaa ya kuwashia moto, hilo kweli. Halikuondolei makaa yanayoingia ndani ya chuma chenyewe. Chuma cha pua ni chuma kilichotiwa kaboni, na kaboni hiyo inatoka kwenye makaa, haitoki kwenye magma. Zile 78 zinashuka hadi 30 ukiwa na magma, ni nafuu kubwa sana na mimi naipenda magma, lakini 30 si sifuri. Mtu anayeandika "huhitaji makaa tena" hajawahi kutengeneza mkuo hata mmoja kwenye tanuri la magma. Nalisema hili bila kumuonea.

Na wale wasio na magma wameachwa gizani kabisa. Kuchoma bitumini kunataka makaa 1 ya kuanzia. Mhunzi wako akiyamaliza yote kwa kufua ndoo, tanuri linasimama na mawe ya bitumini yamekaa pale ghalani yanakutazama. Itabidi ukate mti uchome mkaa wa kuanzia upya. Ukiwa sehemu kame isiyo na miti, utajua mwenyewe. Weka akiba ya makaa mawili matatu ambayo mhunzi hayafikii. Kuna ugumu gani kumwandikia mgeni sentensi hiyo?

Mimi nilipogundua sina fluksi nilijaribu njia ya msafara wa biashara. Msafara wa vibete huja vuli, mjumbe wao nikamwagiza mawe ya chokaa kwa bei ya juu. Lakini unachoagiza vuli hii kinaletwa vuli ijayo, mwaka mzima wa gemu. Magoblini, maadui wa vibete, walikuja kiangazi, na majitu yao mbele. Askari wangu kumi walikuwa wamevaa chuma cha kawaida. Walisimama getini mpaka wa mwisho. Kiongozi wao nilikuwa naye tangu siku ya kwanza, alikuja na ule mkokoteni akiwa mchimbaji. Vuli haikufika.

Msije na ule usemi wa kwamba kushindwa ndiyo utamu wa gemu hili. Nimeshapoteza ngome kwa mafuriko niliyoyafungulia mwenyewe na sikulalamika. Kushindwa kwa kosa langu nakubali. Kushindwa kwa sababu nilifundishwa uongo na mtu anayeitwa mtaalamu, hapana, sikubali!

Ninachotaka ni hiki. Mwandishi aurekebishe ule mwongozo, mwanzo kabisa aweke fluksi, halafu makaa, hematiti iwe ya mwisho. Aondoe na yale maelezo ya vibonye vya zamani, gemu limeshabadilika tangu lilipoingia Steam, duka la magemu la mtandaoni, Desemba 2022 na wageni wanahangaika kubonyeza vitu visivyofanya kazi. Akikataa, wasimamizi waushushe pale juu walipoubandika.

NYONGEZA saa nne usiku: ameniandikia faragha, anasema kwake ilifanya kazi. Nikamuuliza ngome yake iko kwenye mwamba gani. Chokaa. Alikuwa amekaa juu ya fluksi muda wote na hakujua kwamba anaitumia.

NYONGEZA ya pili: walioniuliza, ndiyo, naanza upya usiku huu. Eneo nimeshalichagua, linaonyesha fluksi na lina msitu mnene. Nitaweka hapa hesabu ya kila mkuo, makaa kwa makaa, ili mgeni atakayekuja apate kitu cha kweli cha kusoma.