Tupeane uzoefu: Kijana kuzungumzia kifo chake mwenyewe

Mwanzisha mada: Nilipoajiriwa nikiwa na miaka 26, fomu ya mfuko wa hifadhi ya jamii ilinitaka niandike majina ya watakaolipwa mafao yangu nikifariki. Nilikaa nayo wiki mbili, kwa kuwa kila nilipoanza kuandika jina la mama, nilimwona akipokea rambirambi. Nilipomweleza, alinikemea: "Acha kujichuria, mwanangu." Wenzangu wa rika hili, ninyi mmelizungumzaje jambo hili, na nyumbani walilipokeaje?

Mchangiaji wa Tanga: Madrasa tulifundishwa kwamba Muislamu mwenye cha kuusia asilale siku mbili pasipo kuandika wosia wake, lakini niliyahesabu hayo kuwa mambo ya wazee, hadi nilipoitwa kusaidia kumwosha rafiki yangu wa miaka 23. Mwili wake haukunitisha. Kilichonitisha ni pale ndugu yake aliposimama kumtaka yeyote anayemdai marehemu ajitokeze, nami nikaanza kuwahesabu kimoyomoyo watu ambao wangejitokeza siku yangu. Tangu hapo nina daftari la madeni, na dada yangu anajua linapokaa.

Mchangiaji wa Mwanza: Sisi waendesha bodaboda hutaniana kuhusu kifo tangu asubuhi, na watu hudhani hatukiogopi. Kwa maoni yangu, utani ule ndio woga wenyewe, kwani mmoja akiuliza kwa dhati ni nani atakayewasomesha wanawe, kijiwe kizima hunyamaza.

Mchangiaji wa Dar es Salaam: Nina miaka 31, ni Mchaga, na wosia wangu niliukabidhi RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, uhifadhiwe. Nilitarajia baba akasirike, naye aliuliza tu kama ninaumwa. Ugomvi ulizuka niliposema kwamba ningependa kuzikwa hapa hapa, ili ndugu wasichangishane fedha za kunisafirisha hadi Kilimanjaro. Kwake, mwana kuzikwa nje ya kihamba, yaani shamba la ukoo, ni sawa na kuukana ukoo, na tangu Pasaka hatujalirudia suala hilo, ingawa nia yangu sijaibadili.

Mwanzisha mada: Nashukuru sana. Fomu nimeijaza, jina la mama likiwa la kwanza, na bado sijamwambia. Suala la mahali pa kuzikwa sikuwa nimeliwaza kabisa, nami sasa naliona zito kuliko hayo ya fedha. Waliowahi kulifikisha mbele ya wazazi watueleze walianzia wapi.