Jumuiya wamenikatalia barua ya ubatizo, nifanyeje?

Mzazi wa Malaba: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi sina. Mtoto wetu wa kwanza tunataka abatizwe Krismasi. Katekista anadai barua ya jumuiya, yaani kile kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, na mwenyekiti wa jumuiya, mama mtu mzima, amekataa kutia sahihi eti hanijui. Ukuta wetu ni mmoja! Kazi yangu ni malori hapa mpakani. Wao husali Alhamisi jioni, saa ambayo karatasi za forodha ndiyo zinachachamaa. Lakini zaka natuma kwa simu kila mwezi, na 3 Juni sikosi hija ya Mashahidi wa Uganda kule Namugongo. Imani si ipo moyoni? Naweza kumbatiza parokia nyingine?

Boda_Jinja: Namugongo unafika, kwa jirani pamekushinda 😂

Hajati wa Bombo: Mwanangu, mimi Mwislamu, ila hili halina dini. Mume wangu alipofariki, kabla ya alfajiri wanawake walishawasha meko uani, hata kuni sijui zilitoka wapi. Mmoja alinivua saa mkononi akaifunga kwenye khanga yake, maana watu walikuwa wengi. Pesa ya simu ingeyajua hayo? Shemeji yangu yeye alikuja matanga yameisha, akaulizia shamba. Huyo tumwache.

Katekista Mstaafu: Kanuni ya 868 ya Sheria ya Kanisa inataka pawepo tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa Kikatoliki. Paroko atalijuaje, kama wanaoishi nawe hawakuoni? Ndiyo maana maaskofu wa Afrika Mashariki mwaka 1976 walitilia mkazo jumuiya ndogo ndogo. Msimamizi umempata? Awe ametimiza miaka 16 na ana kipaimara. Na huyo mama alisema nini hasa?

Sema_Kweli: Katekista, shahidi wetu Karoli Lwanga alipoona hatari pale Munyonyo, Mei 1886, aliwabatiza wenzake mwenyewe, Kizito akiwemo. Alidai barua ya nani?

Katekista Mstaafu: Walikuwa wanafunzi wake, anaishi nao. Barua ya nini tena? Mzazi, hujanijibu.

Mzazi wa Malaba: Msimamizi ni bosi wangu, kipaimara anacho.

Katekista Mstaafu: Nimeuliza kuhusu mama.

Mzazi wa Malaba: Haya. Mwaka jana mumewe alifariki siku ile ile tunazindua nyumba. Wageni wameshafika, spika zimeshakodiwa. Nilipunguza sauti. Rambirambi nilituma 50,000 kwa simu, mtu anataka nini zaidi? Isitoshe Tororo nimeshapewa tarehe, binamu yangu ana mtu ofisini pale, na keki nimelipia nusu. Niambieni tu kama ni halali.

Hajati wa Bombo: Ulipunguza sauti. Ya Rabi.

Mpelelezi: Jamani, hii nimeshaisoma humu humu. Wakati ule ilikuwa harusi, Mbarara, na marehemu alikuwa baba wa mwenyekiti wa kijiji (LC1). Spika zilikuwepo vilevile. Akaunti yenyewe imefunguliwa jana!

Mzazi wa Malaba: Ni mpya kwa sababu mke wangu yumo humu. Hajui mambo ya Tororo.

Boda_Jinja: Mama mtoto, kama unasoma, tupe upande wako.

Sema_Kweli: Mpelelezi leta kiungo, la sivyo mwache mwenzio.

Mpelelezi: Uzi ulifutwa.

Sema_Kweli: Haya bwana 😂

Katekista Mstaafu: Iwe kweli, iwe ya kutunga, wapo wanaosoma na wana shida hiyo. Kanuni ya 857: mtoto hubatizwa parokia ya wazazi wake, isipokuwa kuna sababu ya haki. Binamu kuwa na mtu ofisini si sababu.

Mzazi wa Malaba: Alhamisi hii sala iko kwake huyo mama. Nikienda si ataniaibisha mbele za watu?

Hajati wa Bombo: Huenda. Nenda na mkeo, bebeni sukari, mkae mkekani na wenzenu. Simu zimeni.

Mzazi wa Malaba: Kwa hiyo Tororo nighairi? Wa keki wamesema hela hairudi.