Mafunzo ya teknolojia ya mpira: nianzie wapi ili nielewe ninachokichanganya?

Mchanganyaji aliuliza:

Ndugu wataalamu, nawasalimu. Kwa miaka minne nimefanya kazi katika karakana inayotengeneza gasketi na vifaa vya kuzuia mtikisiko, nikisimamia kinu cha roli mbili kinachochanganya mpira na viungo vyake kabla haujaingia kwenye kalibu. Napewa karatasi ya fomula, napima, nachanganya, natoa. Kwa nini oksidi ya zinki iwe sehemu 5 kwa kila sehemu 100 za mpira, au kwa nini salfa iingie mwishoni, hakuna aliyewahi kunieleza, na yule niliyeipokea kazi kutoka kwake hakuwa ameelezwa pia.

Hivi karibuni mchanganyiko wa asubuhi ulitoa bidhaa zenye ugumu wa 62 kwa kipimo cha Shore A, na ule wa alasiri, kwa fomula ileile, kalibu ileile na muda uleule wa kuivisha (kuupasha mpira moto ndani ya kalibu hadi ukaze), ukasoma 55. Bidhaa zote za alasiri zilitupwa, na sababu haikupatikana. Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni kwa kuwa sikujua hata pa kuanzia kutafuta.

Nimeona mafunzo ya aina mbili: kozi fupi ya siku tano kuhusu uundaji wa fomula, na stashahada ya mwaka mmoja yenye kemia ya polima, usindikaji na upimaji. Cheti changu ni cha ufundi mitambo, na kemia niliiacha sekondari. Naomba ushauri wenu.

Mkuu wa Maabara alijibu:

Ndugu Mchanganyaji, kabla ya kuchagua kati ya siku tano na mwaka mmoja, uliza ni saa ngapi kati ya hizo utakuwa mbele ya kinu na mbele ya reomita, kifaa cha kupima jinsi mpira unavyoiva, kwa sababu mafunzo ya mpira yasiyokupa nafasi ya kuharibu mchanganyiko kwa makusudi na kisha kuupima hayatakusaidia siku bidhaa zikikataliwa. Nitatumia tukio lako kueleza ninachomaanisha.

Chukua fomula ya kawaida ya mpira asilia: mpira sehemu 100, kaboni nyeusi (unga wa kuimarisha mpira) 50, oksidi ya zinki 5, asidi ya steariki 2, kizuia kuchakaa 1, kiharakishi 1 na salfa 2. Jumla ni 161. Ukitaka kilo 80.5 za mchanganyiko, unagawa kila kiasi kwa mbili, ukapata kilo 50 za mpira, 25 za kaboni, kilo 1 ya salfa na nusu kilo ya kiharakishi. Sasa tazama: gramu 100 zikipungua kwenye kaboni hakuna atakayejua, lakini gramu 100 zikipungua kwenye kiharakishi umepoteza sehemu ya tano ya kiungo hicho. Kwa kanuni ya makadirio tunayoitumia maabara, sehemu 2 za kaboni ya daraja la kati huongeza takriban nukta 1 ya ugumu. Ili ugumu wako ushuke kwa nukta 7 kwa sababu ya kaboni peke yake, zingepaswa kukosekana sehemu kama 14, yaani zaidi ya robo ya kaboni yote, na mtu aliyezoea kinu angeiona tofauti hiyo kwa macho. Kwa hiyo mimi ningeshuku kwanza kile kifuko kidogo cha kiharakishi. Kikisahaulika, mpira utaiva, lakini polepole mno, na kwa muda uleule wa kalibu utatoka ukiwa nusu mbichi, laini, na ukibanwa utabaki umebonyea.

Reomita ingekuonyesha hayo kwa sampuli ndogo kabla kalibu hata moja haijajazwa. Kifaa hiki hupasha mpira moto huku kikipima nguvu inayohitajika kuuzungusha kidogo huku na huku, na mchoro wake huanza chini, hukaa kwa muda, kisha hupanda na kutulia. Sehemu ya chini kabisa inakueleza ulaini wa mpira mbichi. Ikishuka kuliko kawaida, umesaga kupita kiasi au mafuta yamezidi. Kabla ya kupanda kuna muda wa usalama, na ukifupika, mchanganyiko umepata joto mapema na unaweza kuanza kuiva kabla haujaijaza kalibu. Hiyo ndiyo sababu salfa huingia mwishoni: tunataka kazi nzito ya kusambaza kaboni, ambayo huzalisha joto jingi, iwe imekwisha. Mteremko wa kupanda unaonyesha kasi ya kuiva, na kilele kinaonyesha wingi wa madaraja ya salfa yaliyofungwa kati ya minyororo ya mpira. Mchoro wa alasiri yako, ukiwekwa juu ya ule wa asubuhi, ungekaribia kukutajia kiungo kilichokosekana.

Jambo moja dogo ambalo wengi hulipuuza: je, vipande vya alasiri vilipimwa vikiwa bado moto? Viwango vya kimataifa hutaka saa zisizopungua 16 kati ya kuivisha na kupima.

Mkemia wa Polima alijibu:

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu reomita, lakini naogopa ndugu yetu asije akaelewa kwamba kemia inaweza kusubiri. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba salfa pamoja na joto huuimarisha mpira, na aligundua kwa kujaribu bila kuchoka. Hata hivyo, miaka zaidi ya 60 ilipita hadi mkemia George Oenslager alipotumia anilini mwaka 1906 kuharakisha uivaji huo, na viharakishi vyote vya kikaboni tunavyotumia leo vinafuata njia aliyoifungua.

Mfano wa leo ni huu. Mpira asilia una kifungo maradufu katika kila kipande cha mnyororo wake, na hapo ndipo salfa hupata pa kushika. EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa viwandani unaopendwa kwa kustahimili jua, ozoni na joto, una vifungo hivyo vichache tu. Ukiihamishia kwenye EPDM karatasi ya mpira asilia bila kubadilisha viharakishi, utapata kitu kinachoiva kwa uvivu usiovumilika. Hata oksidi ya zinki uliyoiuliza ina kazi ya kikemia: pamoja na asidi ya steariki huamsha kiharakishi, kwa hiyo haichukui nafasi ya kaboni, na kuiongeza maradufu hakutaongeza uimara maradufu. Mtu asiyejua haya atabaki kunakili fomula za wengine, hata awe na saa nyingi kiasi gani kwenye kinu.

Msimamizi wa Usalama alijibu:

Naomba kuongeza neno fupi. Mafunzo yoyote ya kuchanganya mpira yasiyoanza na jaribio la kizuizi cha dharura cha kinu, ambacho mtu huweza kukifikia hata mkono mmoja ukiwa umenaswa kati ya roli, usiyalipie. Waulize pia wanavyofundisha kudhibiti vumbi la viungo. Kupima viungo vidogo mapema katika vifuko vyenye lebo hupunguza vumbi, na pia kungemsaidia ndugu yetu kuona kwamba kifuko kimoja kimebaki mezani.

Mchanganyaji aliandika:

Nawashukuru sana. Nimekwenda kuangalia daftari la mizani: siku ile kiharakishi kilipimwa mara moja tu, asubuhi. Sasa nauliza: mtu wa mitambo kama mimi, mwenye saa za jioni pekee, achukue kozi ipi kwanza?

Mkuu wa Maabara alijibu:

Basi umekwisha kuifanya kazi ya mtaalamu wa fomula. Mkemia ana haki, na nisingependa uishie kwenye siku tano. Anza na kozi fupi ikiwa ina maabara, kwa sababu una maswali ya miaka minne na utayatumia vizuri, kisha ingia stashahada ukiwa tayari umesoma kemia ya kaboni ya sekondari kwa jioni za miezi michache.

Kabla ya kulipa, omba kuona mtihani wa mwisho. Ukikuta maswali ya kukariri majina ya kemikali tu, tafuta kwingine. Unachokitaka ni kazi ya namna hii: mwanafunzi apewe masharti ya sili yenye ugumu wa 70, itakayokaa ndani ya mafuta ya injini kwa saa 70 katika nyuzi 100 za Selisiasi bila kuvimba kupita kikomo kilichowekwa, achague mpira mwenyewe, aandike fomula, auchanganye, aivishe vipande, avipime, na akishindwa mara ya kwanza aeleze kwa maandishi ni kiungo gani atakibadilisha na kwa nini.